Bata Maji Aliyepinduka

Senteniye Josué Pallot aliinama nyuma ya farasi wa watu, mikono magotini, akiyakagua matako ya mnyama yule kama mtu anayetaka kununua. Nyuma yake Élie Vautier, mwenye farasi, alikuwa anahema kwa hasira.

"Umemaliza?" Vautier aliuliza. "Maana farasi wangu haoni raha kutazamwa huko."

"Bado."

"Bado nini, binamu? Mtu kalewa. Farasi katimka. Gari limepinduka. Mwanangu yuko juu kitandani, mguu umefungwa mbao. Sasa unatafuta nini huko mkiani?"

Hawakuwa na undugu wa karibu, lakini katika parokia ya Saint-Clouet kila mtu alikuwa binamu wa kila mtu, na hata watu wakigombana waliendelea kuitana hivyo, ila kwa sauti nyingine. Pallot mwenyewe alikuwa mkulima wa viazi. Usenteniye, yaani uaskari wa parokia, haulipwi hata senti. Parokia inakuchagua, inakukabidhi kirungu cha serikali, na tangu hapo kila anayeibiwa kuku anakuja kukugongea mlango ukiwa mezani. Lakini neno lake lilikuwa na uzito. Akisema mtu ashtakiwe, mtu huyo anapelekwa mjini kwa hakimu. Akisema hapana, yamekwisha.

Na leo Vautier alitaka neno hilo kabla ya saa sita mchana.

Jana yake ilikuwa siku ya Vita vya Maua, Agosti ile ya mwaka 1909. Watu wa kisiwa kizima cha Jersey walikuwa wamejazana mjini, kwenye barabara ya ufukweni, kuyatazama magari ya maua yakipita mbele ya majaji. Majaji wakishatazama, ndipo huanza ile vurugu tamu inayongojewa mwaka mzima: watu kurushiana maua, gari kwa gari na gari kwa watazamaji, mpaka magari yabaki mbao tupu. Gari la Saint-Clouet lilikuwa bata maji mkubwa mwenye shingo ndefu, mwili wake wote hidranjia, yale maua ya vichwa vinene vya buluu yanayoota kwenye kila ua wa nyumba kisiwani. Mgongoni mwake alikaa Lydie Vautier, binti wa miaka kumi na sita, amevaa gauni jeupe. Maua ya kwanza yaliporushwa tu, farasi akapiga mateke, akatimka, bata maji akalala ubavu na Lydie akawa chini yake. Mguu ulivunjika mahali pawili. Daktari alisema atatembea. Atatembeaje, hilo hakulisema.

Aliyeshika hatamu alikuwa Goulven Kerbrat, Mbretoni kutoka Ufaransa, mmoja wa wale wanaovuka bahari kila mwaka kuja kung'oa viazi. Mgeni, maskini, na mdomoni ananuka pombe ya tufaha. Jamani, nani angesumbuka kutafuta mkosaji mwingine?

"Njoo uone hapa," Pallot alisema.

Vautier alisogea shingo upande.

"Unaona vivimbe hivi? Kimoja, kingine, kingine. Viko matakoni na juu ya mapaja, mbele hakuna hata kimoja."

"Mjeledi. Si nimekwambia alikuwa anampiga?"

"Mjeledi unaacha mstari, binamu. Hivi ni vya duara kama vifungo vya koti." Pallot alipitisha kidole polepole juu ya kivimbe kimoja, farasi akatetemesha ngozi. "Mjeledi hauchomi ukaacha kitundu katikati."

"Basi nyuki."

"Nyuki akichoma anaacha mwiba wake mlemle. Nimetafuta, sijauona hata mmoja. Nadhani ni nyigu."

"Nyigu!" Vautier alicheka bila furaha. "Kwa hiyo niende kwa hakimu nikamwambie amfunge nyigu?"

"Hilo tutaona. Banda la gari liko wazi?"

"Liko wazi. Lakini saa sita, Senteniye. Ikifika saa sita hujampeleka mtu huyo kwa hakimu, nitakwenda mjini mwenyewe nikaseme unawaficha Wabretoni."

Ile "Senteniye" badala ya "binamu" ilimfikia Pallot vizuri kabisa. Alivaa kofia yake akaondoka.

Goulven alikuwa amefungiwa nyumbani kwa Pallot, kwenye chumba cha kufulia, maana jela ya parokia ilikuwa imejaa mbegu za viazi. Mke wa Pallot alikuwa amempelekea bakuli la maharage na mkate, naye alikuwa amekula mkate peke yake.

"Maharage hayakupendezi?" Pallot aliuliza, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Yananipendeza, Bwana Senteniye. Kijiko ndicho hakishikiki."

"Lete mikono."

Goulven alifungua viganja. Ngozi ilikuwa imechubuka kutoka kidole cha shahada mpaka chini ya kidole gumba, mikono yote miwili, nyama iko nje. Pallot alivitazama, kisha akainuka, akachovya kitambaa kwenye maji na kumpa.

"Mbona jana hukusema?"

"Nani aliniuliza? Waliniuliza nimekunywa vikombe vingapi."

"Ulikunywa vingapi?"

"Kimoja. Kila mtu alikunywa. Mchungaji wenu alikunywa akaongeza." Alijifunga kitambaa kwa meno. "Nilizikamata hatamu, bwana. Farasi alinikokota kutoka kwenye mlingoti wa bendera mpaka kwenye jukwaa la bendi. Ningeziachia, angeingia na yule mtoto baharini."

Mlevi angeachia, Pallot alijiambia. Hata mtu asiye mlevi angeachia.

"Kabla hajatimka, alikuwaje?"

"Hakutulia tangu tulipopanga foleni. Mkia huku, mkia kule, mguu anapiga chini. Nikamwambia bosi Vautier, tumtoe huyu kwanza, kuna kitu kinamuudhi. Bosi akasema nikitoka kwenye foleni majaji watatuondolea alama."

"Uliona nyigu?"

"Niliona. Walikuwa wanazunguka pale mbele ya gari, kwenye kile kibao nyuma ya farasi. Nikasema kwa sababu ni maua." Alikaza kitambaa chake. "Yule mtoto, hali yake?"

"Amelala."

"Nikifungwa, sitapata tena kazi kisiwa hiki. Mke wangu hapa anajulikana, kaka zangu wanajulikana. Wataambiwa ninyi ndio ukoo wa yule mlevi. Nisingekuwa na hofu kama ningekuwa nimefanya." Alicheka kidogo, aibu imemshika. "Nasema upuuzi. Ningekuwa na hofu pia."

Pallot alichukua bakuli la maharage, akalisogeza karibu yake zaidi. "Kunywa kama supu," alisema. "Hakuna anayekutazama."

Bata maji alikuwa amerudishwa kwa gari la nyasi na kutupwa ndani ya banda la Vautier. Shingo ilikuwa imevunjika na kuning'inia kwa waya, nusu ya maua yamepukutika, na banda zima linanuka majani yaliyoanza kuoza. Pallot alifungua milango yote miwili ili mwanga uingie. Akazunguka mara moja bila kugusa. Akazunguka tena akigusa.

Jambo moja lilikuwa linamkera tangu asubuhi. Alikuwa na ua mzima wa hidranjia kwao, mke wake akizipenda kuliko anavyompenda yeye, na katika miaka yote hakuwahi kuona nyigu akishughulika nazo. Hidranjia zile za vichwa vinene hazina chochote cha kumpa mdudu. Nyuki anazipita kama mlango wa nyumba isiyo na watu. Sasa gari zima la hidranjia liliwaitaje nyigu?

Vichwa vikubwa vilikuwa vimefungwa kwa uzi kwenye fremu ya mbao. Hapo hapakuwa na kitu. Shingoni, mabawani, na kwenye kibao cha mbele, maua yalikuwa yamenyambuliwa madogo madogo na kubandikwa juu ya kitambaa kwa gundi ya unga, ile ambayo kina mama wanaipika kama uji mzito. Pallot alipiga magoti mbele ya kile kibao.

Lo! Nyigu walikuwa wamekufa mlemle. Mmoja alikuwa amenasa kwa mabawa, mwingine amezama kichwa, na wengine wawili wazima walikuwa bado wanatembea juu ya gundi, wakila bila haraka. Shingoni alikuta nyigu mmoja tu. Mabawani hapakuwa na hata mmoja.

Alibandua kipande cha gundi kilichokauka, akakinusa. Kisha Senteniye wa Saint-Clouet, mtu mzima mwenye wajukuu, akakitia mdomoni.

Tamu.

Alikitafuna vizuri, akatema kitu kigumu kiganjani na kukipeleka kwenye mwanga. Kilikuwa kijikaratasi chembamba cha rangi ya zambarau kilichojikunja. Ganda la tunda. Pallot alilitandaza kwa ukucha, akalitazama sana, akalifunga kwenye leso yake.

Alionja ya shingoni. Utamu ulikuwepo kwa mbali. Alionja ya bawani. Ilikuwa unga mtupu na chumvi kidogo.

Basi kuna mtu ametia kitu kitamu, na amekitia kwa wingi nyuma tu ya farasi. Na aliyekuwa na sababu ya kumtakia bata maji yule mabaya alijulikana mpaka kwa watoto wa shule: Clément Bisson, jirani wa ng'ambo ya kijito. Bisson na Vautier walikuwa hawasemezani tangu maonyesho ya ng'ombe ya masika, ng'ombe wa Bisson alipopata zawadi ya kwanza na mama Lydie, mke wa Vautier, akasema mbele ya kanisa zima kwamba ng'ombe yule alipakwa chaki kuficha madoa. Tena jana watu wawili walikuwa wameapa kwamba walimwona Bisson akirusha shada zito kuelekea gari la Vautier, dakika ileile farasi alipotimka.

Pallot alivuka kijito kwa miguu.

Clément Bisson alikuwa anakamua. Hakuinuka, hakugeuka, aliendelea kuvuta chuchu kama mtu asiye na kesi.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Najua wamekwambia nini."

"Wamenambia ulirusha shada."

"Vita vya Maua, binamu. Ulitaka nirushe nini, viatu?"

"Ndani yake kulikuwa na nini?"

Maziwa yalilia ndooni mara mbili, tatu.

"Tufaha bichi," Bisson alisema.

"Clément!"

"Dogo! Dogo kabisa! Nililenga ile shingo. Walikuwa wanajidai na ile shingo kama wameiumba wao. Na niliipiga, uliza watu, niliipiga katikati. Farasi sikumgusa." Sasa aligeuka, uso umemwiva. "Unadhani ningemlenga farasi na yule mtoto yuko juu? Lydie nilimbeba kwenye ubatizo wake, mimi."

"Siku moja kabla ya vita, ulionekana ukitoka kwenye banda lao."

"Nani kasema?"

"Nimekuuliza wewe."

Bisson alijikuna shingo kwa mkono wenye maziwa. "Niliingia kuangalia. Haya, nimesema. Niliingia kama mwizi kwenda kuangalia bata. Nikaona ni mzuri. Nikarudi nyumbani sikula. Umeridhika?"

"Hukugusa gundi? Hukuongeza kitu?"

"Kitu gani?"

"Kitu kitamu."

Bisson alibaki mdomo wazi, na Pallot, ambaye alikuwa amemjua tangu wakiiba mayai pamoja, aliona kwamba mshangao ule haukuwa wa kuigiza. Lakini mlangoni pa zizi sauti nyingine iliingia kama ufagio.

"Kitamu gani? Nani kapaka nani kitu kitamu?"

Louisa Bisson alikuwa amesimama na aproni yake, mikono imejaa unga. Alikuwa mwanamke mfupi ambaye hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake.

"Shemeji, namuuliza mumeo."

"Muulize, lakini mimi ndiye nitakayejibu. Sisi hatujawafanyia kitu watu wale. Kitu, Josué! Wao ndio wametutukana. Nimetukanwa mimi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa sufuria yangu mwenyewe!"

"Sufuria gani?"

"Sufuria ya shaba! Ile kubwa! Unadhani gundi ya parokia inapikwa kwenye nini, kwenye kofia? Kila mwaka inatoka kwangu, tangu bibi yangu. Nikasema moyoni, Louisa, mmegombana, sawa, lakini gari ni la parokia nzima. Peleka sufuria. Na sikuipeleka tupu."

Pallot alikuwa amesimama. Sasa alikaa kwenye kigoda.

Sufuria haiendi tupu kwenye bonde lile. Anayeazima anaikuta na kitu chini: kijiko cha siagi, mayai, chochote kilichopikwa nyumbani siku hiyo. Naye akiirudisha anatia cha kwake. Ukipeleka tupu umemwambia mtu asije tena. Pallot alikuwa amelijua jambo hilo kabla hajajua kusoma, na ndiyo maana hakuwa amelifikiria.

"Ulitia nini, Louisa?"

"Jemu. Jemu ya plamu, ilikuwa bado ya moto. Tena sikutia kijiko, nilitia upawa mzima na nusu, maana nilisema, mama Lydie akiona hivi atajua." Sauti ilimpungua. "Nilitaka ajue kwamba yale ya ng'ombe nimeyaacha. Mimi si mtu wa kwenda kuomba radhi kwa maneno, unanijua. Nilimtumia jemu."

"Na sufuria ilirudi?"

"Ilirudi. Twende ukaione."

Ilikuwa inaning'inia juu ya jiko, inang'aa kama jua. Pallot aliitoa, akaigeuza, akapitisha kidole ndani. Hapakuwa na tone, hapakuwa na chembe. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga na siki mpaka unaweza kunyoa ndevu ukijitazama ndani yake kama kioo.

"Tupu," Louisa alisema. "Alimpa kibarua aniletee, tupu, juzi jioni. Nililia, Josué. Clément atakuambia."

"Alilia," Clément alithibitisha kutoka mlangoni. "Ndiyo maana ya lile tufaha."

Pallot aliitundika sufuria mahali pake. "Plamu zako," alisema, "unazimenya kabla ya kuzipika?"

"Nani anamenya plamu? Ganda ndilo lenye rangi."

Saa ya kanisa haikuwa imegonga sita bado Pallot alipoingiza gari lake dogo uani kwa Vautier, Goulven amekaa pembeni yake na viganja vimefungwa vitambaa vyeupe. Vautier alitoka zizini akifuta mikono.

"Hatimaye," alisema. "Ngoja nivae koti, twende wote kwa hakimu."

"Vaa polepole. Nina neno moja na mama Lydie."

"Mke wangu anahusika nini?"

"Alipika gundi."

Mama Lydie alikuwa jikoni anachuja mchuzi wa mgonjwa. Hakuwa amelala, macho yalikuwa yamevimba, na alipomwona Pallot alivuta kiti kwa adabu kama kawaida yake. Pallot hakukaa.

"Pole na mwana, shemeji."

"Asante. Ana maumivu. Usiku mzima anajikaza ili nisilie." Alifuta meza pasipo na uchafu. "Umemleta yule mtu uani kwangu."

"Nimemleta. Nataka kuuliza jambo la jikoni, kisha nitaondoka. Gundi ulipika peke yako?"

"Peke yangu. Wengine walikuwa wananyambua maua."

"Ulipika sufuria moja?"

"Moja ilitosha. Ile kubwa."

"Mkaanza kubandika wapi?"

"Mabawani. Halafu shingo. Kile kibao cha mbele mwisho, maana mikono ya gari, ile ya kufungia farasi, inafungwa kwanza." Alimtazama. "Mbona unauliza hivyo?"

"Kwa hiyo gundi ya juu ilikwenda mabawani, na ya chini kabisa ilikwenda nyuma ya farasi."

Mama Lydie alirudi kufuta meza.

"Sufuria ilipofika kwako kutoka kwa Louisa, ilikuwa na nini ndani?"

"Sikumbuki."

"Mama Lydie."

"Kulikuwa na kitu. Nilikimwaga. Niliwapa nguruwe."

Pallot alitoa leso, akaifungua juu ya meza safi. Lile ganda dogo la zambarau lilikuwa limekauka katikati yake.

"Hili nimelitoa ndani ya gundi," alisema. "Kwenye kibao. Nyigu wamejaa pale mpaka sasa. Walimchoma farasi wakati amesimama kwenye foleni, na maua yalipoanza kuwapiga wakakasirika wote kwa pamoja. Nimeviona vivimbe. Goulven hakulewa, shemeji. Nenda ukavione viganja vyake, yuko hapo nje. Sidhani kama kulikuwa na mtu aliyetaka kumdhuru mwanao. Lakini nguruwe hawakula jemu ile."

Mama Lydie alikuwa amelitazama lile ganda muda wote. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ndogo, akilisemesha ganda lenyewe.

"Ilikuwa bado ya moto," alisema. "Nilifunua kitambaa, mvuke ukanipiga usoni. Nikajua ni yake, hakuna mwingine anayepika hivyo. Nikasema, huyu ananicheka. Amenishinda kwa ng'ombe, sasa ananitumia jemu nimshukuru. Kula, sikutaka. Nisingeweza kumeza. Na kumwaga siwezi, Josué, unajua hakimwagwi kitu kilichotumwa na sufuria, mama yangu angefufuka." Alishika ukingo wa meza. "Nikasema, basi ale bata. Nikamimina unga juu yake, nikamimina maji, nikakoroga juu juu, chini sikufika. Na nilicheka. Nilikuwa peke yangu hapa jikoni nacheka."

Mlangoni Élie Vautier alikuwa amesimama, mkono mmoja umeingia kwenye koti na mwingine haujaingia. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

Alilitazama lile ganda juu ya meza. Kisha akauvalisha mkono wa pili, akafunga vifungo vyote, akasema kwa upole ambao Pallot hakuwahi kuusikia kwake:

"Josué, binamu yangu. Hili ni la jikoni. Libaki jikoni. Simshtaki tena yule mtu, imekwisha. Apande meli ya leo, aende kwao, watu wasahau. Hatujamfunga. Amepoteza nini?"

"Jina lake," Pallot alisema. "Akiondoka leo bila neno, ameondoka mlevi aliyemvunja mtoto wa watu mguu. Hatarudi, na ukoo wake hautarudi. Mimi siwezi kumlazimisha mkeo, hakuna sheria inayokataza jemu kwenye gundi. Nilichoweza kufanya nimefanya. Kilichobaki ni chenu."

"Unataka nimwaibishe mama wa mwanangu mbele ya parokia?"

"Nyamaza, Élie," mama Lydie alisema.

Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Alitoka uani kama alivyo, nywele hazijachanwa, akaenda mpaka kwenye gari la Pallot. Goulven alishuka haraka na kuvua kofia, maana alikuwa mtu wa adabu. Mama Lydie alimshika mikono yote miwili, akavitazama vile vitambaa, akafungua kimoja kidogo, akakifunga tena.

"Ni mimi," alimwambia. "Kosa ni langu. Jumapili nitasema kanisani, mlangoni, watu wote wakiwepo, na mume wangu atasimama karibu yangu wakati ninasema. Lakini mtu wa kwanza kuambiwa hawezi kuwa parokia. Ningoje hapa. Tafadhali usiondoke na meli."

"Siondoki, mama," Goulven alisema.

Mama Lydie alirudi ndani. Walimsikia akipanda ngazi, akisimama katikati, akipanda tena. Dirisha la juu lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na chini yake wanaume watatu walisimama uani bila kutazamana: Vautier na koti lake la kwenda mjini, Goulven na kofia yake mkononi, na Pallot, ambaye alijua kwamba ingekuwa adabu kuondoka na hakuondoka.

Sauti ya mama haikusikika maneno yake. Ilikwenda kwa muda, ikakatika, ikaanza tena. Kisha ikakoma. Vautier aliinamisha kichwa.

Ndipo wakamsikia Lydie, sauti yake imechoka kwa dawa, wala haina hasira, kama mtoto anayetaka kujua tu.

"Ilikuwa tamu, mama?"

"Sijui, mwanangu," mama alisema. "Sikuionja."